Nguo ya Upepo

Mukantwari hakubisha hodi. Alipanda baraza ya mafundi cherehani pale sokoni Gisenyi, akazipita mashine tano bila salamu, akafika kwenye ya sita na kumtupia Kadiri kitambaa usoni. Kilikuwa kipande cha turubai, mistari myekundu na myeupe, ambacho Kadiri mwenyewe alimpa afunikie kapu lake la samaki.

"Chukua nguo yako, shemeji. Bwana yangu iko amefungwa boloko siku ya tisa sababu ya hii nguo. Na mutu aliikata ni we."

Kadiri alikuwa na jibu kwa kila apitaye, hata mbuzi. Siku hiyo alikitoa kitambaa usoni, akakikunja mapajani. Wenzake wote ghafla wakawa wanatunga uzi kwenye sindano.

"Shemeji, mi nilitumwa..."

"Na bwana yangu Twagirimana alitumwa na nani? Na mvua?"

Akashuka zake. Hakulia. Afadhali angelia, maana mtu akilia unaweza kumbembeleza.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwaka ule wa hamsini na sita, uwanja wa ndege ulikuwa majani yaliyofyekwa, mlingoti mmoja, na mlinzi wake, Twagirimana. Kazi ya Twagirimana ilikuwa kufukuza ng'ombe. Kazi ya mlingoti ilikuwa kubeba mkono wa upepo, ule mfuko mrefu wa nguo unaojaa hewa na kumwonyesha rubani upepo unatoka wapi, asije akatua huku unamsukuma mgongoni. Serikali, ambayo kwa kuandika sheria haikuwa na mpinzani, iliandika kwamba mkono ukichakaa ushonwe mwingine, ikatuma jora zima la turubai kutoka makao makuu, Usumbura. Jora likamfikia Bwana Ajenti, msimamizi wa uwanja, mtu mwenye ngozi iliyochukia jua na tumbo lililopenda bia ya barazani.

"Upepo iko kila siku," alimwambia Kadiri. "Nani hajue inatoka wapi? Lakini kivuli, mi sina."

Basi Kadiri akamshonea kivuli: pazia pana la kufunika baraza nzima ya nyumba yake, na foronya za viti vinne. Muhuri wa serikali uliokuwa pembeni mwa turubai aliukunjia ndani ya pindo, kama alivyoamriwa. Akacheka na Bwana Ajenti, maana ukicheka na mkubwa unarudi nyumbani na meno yako. Mabaki akabaki nayo. Popote penye cherehani, mabaki ni ya fundi.

Kule uwanjani mkono wa zamani ulichanika, ukachanika tena, hata ikabaki pete tupu ya chuma juu ya mlingoti. Kisha siku moja ya mvua ndege ikaja. Twagirimana alihangaika kuwasha moto ili moshi uonyeshe upepo, lakini majani yalikuwa yamelowa kama kitambaa cha kudekia. Ndege ikatua na upepo mgongoni, ikapita mwisho wa uwanja, ikaenda kuchimba pua katika shamba la maharage. Rubani akavunjika mguu. Jioni ile ile Twagirimana akafungwa.

Kadiri alikitazama kile kitambaa mapajani mwake. Hasira ya kwanza ilikuwa juu ya Mukantwari, kwa kumwaibisha mbele ya watu. Haikukaa. Ya pili ilikuwa juu yake mwenyewe, na hiyo ilikaa. Alipoinuka akachukua wembe wake wa kufumulia, tayari alikuwa na ya tatu.

Siku hiyo Bwana Mkaguzi wa Ndege, aliyeletwa na gari kutoka Usumbura siku mbili nzima, alikuwa anafanya uchunguzi. Alikuwa anaufanya barazani kwa Bwana Ajenti, chini ya mistari myekundu na myeupe, na glasi yake ikitoa jasho.

"Kifungu cha kumi na nne," alikuwa anasoma kwa Kiswahili safi cha vitabuni. "Ikiwa mkono wa upepo haupo, mlinzi atawasha moshi. Moshi haukuwapo. Kwa hiyo kosa ni la mlinzi."

"Bwana," Kadiri akasema toka chini ya ngazi. "Na mkono haikuwapo sababu gani? Kitabu haiulize?"

"Wewe nani?"

"Ni fundi tu," Bwana Ajenti akadakia. "Mulevi."

Katika watu wote wa Gisenyi, kumwita Kadiri mlevi, yeye aliyeadhini Ramadhani tatu mfululizo hata sauti ikamkauka! Alipanda ngazi, akapanda na kiti chenye foronya aliyoishona kwa mkono wake, akapitisha wembe kwenye pindo la pazia. Uzi ukaachia, pindo likafunguka, na muhuri wa serikali ukaning'inia mbele ya pua ya Bwana Mkaguzi, wino mweusi na namba zake zote.

"Huo hapa mukono wa upepo, Bwana. Umekaa chini yake unakunywa bia. Mi nilishona. Nifunge mi, na huyu, halafu ndio utafute moshi."

Bwana Ajenti alibadilika rangi, akawa sawa na ule mstari mwekundu. Bwana Mkaguzi aliutazama muhuri kwa muda, akafunga kitabu polepole.

"Hili ni jambo la bohari," akasema. "Nitawaandikia watu wa bohari. Mimi nachunguza moshi."

Kadiri alibaki juu ya kiti. Alikuwa amekuja amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Kwa upole ule hakuwa amejiandaa.

"Bon, basi," Bwana Mkaguzi akaendelea, akijinyoosha mgongo ulioteswa na barabara. "Ndege yangu inakuja kunichukua kesho asubuhi." Akamgeukia Bwana Ajenti. "Juu ya mlingoti kuna nini sasa?"

Bwana Ajenti akajimiminia bia.

"Kuna nini?"

"Pete."

Hapo ndipo Bwana Mkaguzi alipoanza kutoa jasho kama glasi yake. "Pazia hili lishushwe! Fundi, ushone mkono leo leo!"

Kadiri akacheka, kicheko kisicho na sukari. "Ya nini, Bwana? Moshi itatosha. Kifungu cha kumi na nne."

"Moshi hautoshi! Na majani yakilowa?"

Neno lilishamtoka. Bwana Ajenti alilisikia, na mpishi aliyekuwa mlangoni na sahani alilisikia.

"Andika hiyo," Kadiri akasema. "Andika vile vile umesema. Twagirimana alisema hiyo siku tisa, hakuna mutu alishika kalamu. Shingo ikiwa yako, sheria inaota meno! Mi sishone kitu mupaka yeye atoke."

"Nitafunga baraza yenu!" Bwana Ajenti akafoka.

"Funga."

Askari wawili wakabeba turubai hadi sokoni wakatafute fundi mwingine. Walianzia mashine ya kwanza wakaishia ya tano. Kila walipofika, fundi aliinua miguu kutoka kwenye pedali, akaikunja chini ya kiti, akatazama ziwa kana kwamba hajapata kuliona. Saa tisa alasiri Bwana Mkaguzi akaandika mistari minne, akatia sahihi. Saa kumi Twagirimana akatoka, jicho moja limevimba, shati halina kifungo hata kimoja. Ndipo Kadiri akakanyaga pedali.

Baraza ya mafundi ilifungwa jioni hiyo hiyo. Bwana Ajenti, katika ahadi zake zote, aliitimiza hiyo.

Asubuhi ndege ilikuja, ikatua salama. Kadiri, fundi asiye na baraza, alisimama kando ya uwanja pamoja na Mukantwari. Mama huyo hakusogea mbali naye. Bwana Mkaguzi alishika ngazi ya ndege, akasita.

"Upepo ukoje?"

"Muzuri, Bwana, muzuri sana," akasema Bwana Ajenti.

"Sikukuuliza wewe. Mlinzi, upepo ukoje?"

Twagirimana alikuwa anamswaga ng'ombe wa mwisho. Hakugeuka mwili mzima, ni jicho lile zima tu. Akanyoosha fimbo kuelekea mlingotini, mahali mkono mpya ulipokuwa umejaa hewa.

"Iko imeandikwa pale, Bwana. We si unajua kusoma? Soma."