Mtani Aliyesema Kweli

Wanaoshuka basi Temeke siku hizi hupenda kusema kwamba zamani hapa palikuwa pori. Pori la nani? Palikuwa na mihogo ya mama yangu, mikorosho ya kina Mwishehe, na minazi ambayo kila mmoja ulijulikana mwenyewe. Njia ya kwenda mjini ilikuwa ya miguu, na aliyeipita asubuhi ulijua katoka nyumba gani na anakwenda kuuza nini. Kama hilo ni pori, basi na mie ni mnyama wa porini.

Mji ulitufuata baada ya vita vya Hitla. Kariakoo ilikwisha kujaa, Ilala ikajaa, na watu wa bara hawakukoma kushuka kwenye gari moshi na masanduku yao ya bati. Kazi waliipata bandarini na maofisini, pa kulala wakapata kwetu. Mwanzo walikuja mmoja mmoja kuomba kipande cha kujenga kibanda, wakapewa kwa jogoo na maneno mazuri. Kisha ikaja serikali, nayo haikuomba. Ikajenga nyumba za safu, ikaleta bomba la maji na soko, na kilabu cha pombe ikakiweka karibu na msikiti, kana kwamba nchi nzima haikuwa na nafasi nyingine. Mama yangu, Chausiku, alikuwa mjane. Alilipwa kwa minazi yake iliyokatwa. Ardhi yenyewe, aliambiwa, haikuwa yake. Siku hiyo alicheka sana, akidhani wanamtania.

Na utani mama aliujua. Sie Wazaramo ni watani wa Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Mtani wako atakutukana mbele ya mkweo, atabeba kuku wako na usimdai, na ukikasirika, aibu ni yako. Msiba ukikufika, yeye ndiye anayechimba kaburi na kuwachekesha wafiwa wasizame na maiti wao. Mtani wa mama alikuwa Mihayo, mtu wa Tabora, mrefu, mwenye pengo la meno ya mbele, aliyekuwa kibarua wa wapima ardhi. Alikuwa amejenga kando ya shamba letu, na yeye na mama walipendana kwa matusi.

"Mzaramo, nasikia mnauzwa Mafia nyote. Mtu na mbuzi bei moja."

"Na wewe atakununua nani na pengo hilo? Uji wote utaishia kidevuni."

Siku moja alimwambia kuna kanga za bure zinagawiwa Chang'ombe. Mama akaenda na jua lake la utosini, akakuta Wanyamwezi wamekaa kivulini wanamngoja wamcheke. Akacheka nao, akarudi nyumbani akampikia Mihayo mchuzi wa pilipili uliomtoa machozi. Ndivyo ilivyotakiwa.

Ndugu yangu wa pekee, Shomari, alikufa kwa surua kabla hajapelekwa chuoni kusoma Kurani. Mihayo ndiye aliyemchimbia kaburi, ukingoni mwa shamba kwenye udongo laini. Halikujengewa kitu. Yaliwekwa mawe mawili madogo, kichwani na miguuni, basi. Kila alfajiri mama alipita pale akienda kisimani, akasimama, akampa mwanawe habari za nyumbani: nani kaolewa, mbuzi gani kazaa. Hata bomba lilipokuja aliendelea kwenda kisimani, apate sababu ya kupita. Mie nilikwisha kuolewa Mtoni, na nikija kumtazama nilimkuta pale mara nyingi, nikamngoja amalize maongezi. Minazi aliikubali iende. Kaburi lile hapana, na sote tulilijua hilo.

Sasa watu wa zile nyumba za safu walikuwa wengi, na kila asubuhi walikwenda mjini kwa miguu, wakifika kazini wamechoka na vumbi hadi magotini. Ikaamuliwa barabara ya basi ichongwe, ipite hapa hapa kwetu. Yaliyotokea kabla haijapita mama alinisimulia mwenyewe, tena na tena, hata siku ambazo sikutaka kusikia.

Mihayo alikuja alasiri mama akikuna nazi. Hakutukana. Aliketi chini, akavua kofia, akamwita kwa jina langu.

"Mama Tabu, leo sina utani."

"Mtani akisema hana utani, huo ndio utani wenyewe."

"Barabara inapita kwa mtoto. Vigingi nimevipigilia mie mwenyewe kwa mkono huu. Mzungu wetu wa vipimo kasema mwenye kaburi aje alioneshe kabla hawajamwaga kifusi, lihamishwe kwa heshima. Nyanyuka twende."

Mama akaweka chini kifuu. "Niende hadi kwa Mzungu, nikukute umejificha na wenzio mnanicheka? Kanga zile sijazisahau, Mnyamwezi."

"Wallahi, Mama Tabu."

"Unaapa na pengo hilo? Hata kiapo kinapita na upepo."

Akacheka, mama yangu. Alicheka hata kibao cha mbuzi ya nazi kikayumba, ndivyo alivyoniambia. Mihayo akamshika mkono kumwinua, naye akamchapa na kifuu begani, akamwambia kaburi la mtoto ndilo lililobaki tu kufanyiwa mzaha, na leo kafika. Yule bwana akasimama pale mlangoni, akavaa kofia, akaondoka. Mama akaona mtani kashindwa utani wake. Kesho yake akafunga safari kwenda Kisarawe, mtoto wa dada yake alikuwa akitolewa mwali.

Mihayo alijaribu mwenyewe. Alimfuata msimamizi wa kazi, akaeleza kuna kaburi la mtoto. Akaulizwa yeye ni nani wa marehemu. Akasema mtani. Wakacheka, vibarua wenzake pia, wakamwambia arudi kazini.

Nilipopata habari kwamba kifusi kimekwisha kumwagwa nikaja mbio kutoka Mtoni. Mama alikuwa amesharudi. Nilimkuta anatembea juu ya kifusi chekundu kilichoshindiliwa, miguu mitupu, anapapasa kwa nyayo kama mtu anayetafuta sindano. Minazi michache iliyobaki kuwa alama haikuwepo tena. Kisima kilifukiwa. Mihayo alisimama kando, mikono imemning'inia.

"Ulichimba wewe," mama akamwambia. "Nioneshe."

Mihayo akaenda hatua kadhaa, akasimama, akarudi nyuma. Akasogea kushoto. "Nadhani hapa," akasema. Kisha akasema, "Au pale." Akachuchumaa akaanza kulia, na mimi nikalia kwa hasira, maana sikujua nimpige nani.

Mama hakumtukana. Laiti angemtukana! Tangu siku ile alimsalimu kama anavyosalimiwa mgeni: "Hujambo, bwana Mihayo? Habari za kazi?" Mihayo akirusha tusi, mama anaitikia kwa upole, "Ahsante, bwana." Sijawahi kuona adabu ikimtesa mtu namna ile. Alikuja na vituko vya kutia uchungu, mara kaiba kuku wetu waziwazi mchana kweupe, apate kufukuzwa tu. Mama akamletea na jogoo, ajazie.

Temeke ikakua. Nami nilipoachika nikarudi nyumbani, tukajenga nyumba ya vyumba sita, tukapangisha. Mmoja wa wapangaji alikuwa Didas, karani kutoka Bukoba, kijana mwenye viatu vya kung'aa. Asubuhi alipanga foleni ya basi na wenzake, mbele ya nyumba yetu, na mama alikuwa akitoka alfajiri ile ile aliyozoea, akiwapitia mmoja mmoja.

"Sogea kidogo, baba. Usisimame hapo. Na hapo pia, sogea."

Walisogea, maana alikuwa mtu mzima na walikuwa na adabu. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na yeye hakujua kwa hakika awaondoe wapi. Didas aliniuliza kwa upole kama mama ana maradhi. Nilimwambia hana maradhi, ana mtoto.

Kisha Mihayo akafa, kwa homa ya mapafu. Ndugu zake walikuwa mbali, habari ingewafikia akiwa keshaoza. Majirani wakaja kwa mama: mtani wako kafa, nani atamsindikiza? Nilidhani atakataa. Akajifunga kanga, akaenda.

Kwa desturi yetu mtani huvaa nguo za marehemu kabla maiti haijatoka, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, watu wakacheka wakapata nguvu ya kubeba. Mama akavaa koti la kaki la Mihayo, akabandika kofia yake, akakunja mdomo kuonesha pengo. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema. Akaenda kwa zile hatua ndefu, akaketi chini, akavua kofia.

"Mama Tabu," akasema kwa sauti nzito ya Tabora, "leo sina utani."

Msiba mzima ukalipuka kwa kicheko. Didas alijishika mbavu.

"Barabara inapita kwa mtoto. Vigingi nimevipigilia mie mwenyewe kwa mkono huu. Nyanyuka twende."

"Ndiye!" watu wakapiga makofi. "Ndiye mwenyewe!"

Mama alikuwa akiutazama mkeka mtupu mbele yake, akingoja. Machozi yalimshuka hadi kwenye kola ya koti, nao wakasema hakuna anayejua kazi ya utani kama Chausiku.

"Nyanyuka, Mama Tabu," akasema tena. "Wallahi. Nyanyuka."

Walicheka zaidi. Hapo nikashindwa. Nikapita katikati yao, nikaketi kwenye ule mkeka, nikamwambia, "Haya, bwana Mihayo. Nimekusikia. Twende." Nikanyanyuka. Akanishika mkono, watu wakatupisha huku wakifuta machozi ya kicheko, tukatoka wote wawili hadi barabarani.

Mama akasimama katikati ya njia, kofia mkononi, akatazama huku, akatazama kule. Aliyekuwa angalau na kisio cha mahali lilipokuwa kaburi alikuwa ndani, kwenye jeneza. Basi lilitoka mjini limejaa watu wa kazini, likapiga honi tulipishe.