Shavu la Tata Blasio

Mzee Blasio alikuwa katekista kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu wa Bwera aliyemwona kanisani na ndevu. Watoto wa komunyo ya kwanza aliwaambia, "Kwa Bwana hatuendi na uso wa beberu." Kisha kiharusi kikamkamata upande wa kulia. Mkono ukalala, shavu likashuka kama mfuko mtupu, ndevu zikaota zitakavyo. Tangu hapo hakukanyaga kanisani. Padri alipomletea komunyo nyumbani, mzee alijifunika blanketi usoni. "Siku nitakayonyolewa vizuri," alisema humo ndani, "nitakuja mwenyewe."

Miezi minne ikapita. Sasa padri alikuwa anakuja tena kigangoni Jumapili, na akishaondoka haonekani hadi miezi mitatu ipite.

Mbambu, au Mama Evas kama mzee alivyomwita, mjane wa Stanislas mwana wa mzee, ndiye aliyempikia na kumfulia. Kumgusa, la. Mkamwana hamgusi baba mkwe. Sahani aliiweka juu ya kigoda, akarudi nyuma, ndipo mzee akaichukua. Kumwogesha ilikuwa kazi ya Jonan, mpwa wa mzee, mpagazi wa Nyakalengija anayepandisha mizigo ya wageni mlimani. Jonan alijaribu na kumnyoa, akamkata mara mbili karibu na mdomo. "Huyu amezoea magunia," mzee alisema akijifuta damu. Kinyozi wa senta naye alikuja na mashine yake ya betri, akaacha visiki kama shamba lililofyekwa na mlevi.

Mzee aliitaka mashine yake mwenyewe, ile ndogo ya shaba aliyoachiwa zamani na padri mmoja Mzungu. Mbambu aliinua kifuniko chake. Wembe ulikuwa umeliwa na kutu. Akanunua dukani nyembe za kawaida, zile nyembamba zenye makali pande mbili, akavunja mmoja katikati. Ulipwaya mle ndani kama jino la mtoto wa miaka sita.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na wazo lenyewe likamtia hofu. Jonan alikuwa mlimani hadi Jumatatu. Lakini mashine ina mpini. Akishika mpini, kitakachomgusa mzee ni chuma, si mkono. Aliliombea jambo hilo siku mbili, hakuona kosa. Jumatano akapanda taksi, akapita Kikorongo, akashuka Kasese kutafuta wembe wa mashine ile.

Nyuma ya soko alikaa Faruk, fundi saa. Aliigeuza mashine kiganjani, akatabasamu.

"Nyabo, mama yangu, hii ni ya wazee. Wembe yake iko na makali upande moja tu, na mugongo munene." Akavuta droo, akatoa pakiti ya nyembe za namna hiyo, karatasi yake imekauka kama jani. "Nani atanyoa?"

"Mimi."

"Umeshanyoa nani?"

"Nimenyonyoa kuku."

Faruk alicheka mpaka kioo chake cha jichoni kikaanguka. "Basi usianze na mutu! Nunua bogoya, ile ndizi ya kuiva. Paka povu, ondoa povu. Usikandamize. Hiyo chuma iko na uzito yake, iache ifanye kazi. Ukikosea, ndizi haipigi kelele. Lakini kesho uangalie: mahali ulikwaruza patakuwa peusi. Ndizi haifichi."

Alhamisi Mbambu alinyoa ndizi tano, kila moja kwa Salamu Maria mbili. Ijumaa asubuhi zote tano zilikuwa na mistari myeusi, kana kwamba mtu amezichora kwa mkaa. Akala mbili, tatu akaziweka kwenye kigoda cha mzee. Akanyoa tano nyingine. Jumamosi asubuhi nne zilikuwa safi. Ya tano ilikuwa na mstari mmoja mwembamba, pale inapopinda.

"Hapo ndipo penye kidevu," alijiambia.

Mchana alimweleza mzee.

"Wewe?"

"Chuma tu, Tata. Mkono wangu hautafika."

Mzee alimtazama, kisha akajisogeza hadi mlangoni penye mwanga.

Shavu la kushoto lilikwenda vizuri. Mzee alilijaza hewa mwenyewe, na wembe ukashuka juu yake kwaru, kwaru, kama panya kwenye mahindi. Walipofika la kulia, alijaribu kulijaza, hewa ikatorokea pembeni mwa mdomo. Ngozi ilining'inia mikunjo mikunjo. Wembe ukanasa, na ndani ya povu likatokea tone jekundu.

Mbambu alisimama. Bila kidole cha kuivuta ngozi ile kuelekea sikioni, haiwezekani. Nusu ya uso ilikuwa safi, nusu povu.

"Tata, Jonan atarudi Jumatatu."

"Jumatatu padri atakuwa amekwenda."

Kuku alipita uani. Povu likaanza kukauka.

"Mama Evas," mzee alisema, "shavu hilo halisikii kitu huu mwezi wa nne. Lishike. Halitajua kama ni mkamwana."

Kicheko kilimtoka Mbambu kabla hajakizuia. Mzee naye akacheka, kwa upande mmoja, povu likimdondokea kifuani. Kisha akashusha sauti.

"Shika, mwanangu."

Miaka kumi na sita Mbambu amekaa katika boma lile, mzee hakuwahi kumwita hivyo. Mbambu alifuta vidole kwenye kitenge, akafanya ishara ya msalaba, akashika. Alidhani shavu lililokufa litakuwa baridi. Lilikuwa na joto. Akalivuta polepole kuelekea sikioni, akaanza Salamu Maria. Alipofika mpindo wa kidevu, pale ndizi ya tano ilipomshinda, alituliza mkono, akauacha uzito wa chuma upite wenyewe.

Jumapili asubuhi alimkuta mzee amekwisha kaa barazani na shati jeupe, vifungo amevifunga kwa mkono wa kushoto, kimoja kimekosa tundu lake. Mbambu alisimama mbali kama desturi. Kisha akasogea, akainama, akaliangalia shavu la kulia juani, toka sikio hadi kidevu, akitafuta mstari.

"Unatafuta nini?"

"Hakuna, Tata."

"Unadhani sikuziona? Umenilisha bogoya zenye mistari kama daftari la shule." Aliinua kidevu ili aone vizuri. "Haya, sema. Nimeiva?"

Mbambu alikifungua kile kifungo, akakipitisha kwenye tundu lake.

"Umeiva, Tata."

Akampa fimbo. Kengele ya pili iliwakuta njiani.