Nani Kawatia Risasi Chiriku?

Mjomba wangu alikuwa mlinzi wa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, mwenye bunduki asiyowahi kuifyatua na mdomo usiojua kupumzika. Chiriku walipoangua makinda juu ya dirisha la kibanda chake, aliwaita wapwa zake. Sisi wapwa wa damu tukasahauliwa.

Lakini makinda hawakukua. Shingo zililegea, manyoya yakachelewa, na sauti zao zilikuwa kama bawaba kavu. Mjomba akamwita daktari wa ndege, naye akawatoa tone la damu, akaenda kulipima.

Aliporudi nilikuwa kibandani, nimempelekea mjomba chakula.

"Pole, mzee. Makinda wako wana risasi."

Mjomba aliweka kijiko chini. "Risasi? Bunduki hii, mwanangu, hata nzi haimwogopi."

Kwa bahati mbaya meneja alikuwa akipita getini. "Nani kapiga ndege risasi kiwandani kwangu?"

"Mimi kutunga uzi kwenye sindano kunanishinda, bosi, sembuse kulenga kinda."

"Sikiliza. Aliyewatia risasi hao ndege hafanyi kazi hapa hata dakika moja zaidi."

Nikaona kazi ya mjomba inaota mbawa. Daktari akakohoa.

"Si risasi ya bunduki. Ni madini, hiyohiyo ya kwenye betri. Inatoka na moshi, inatua kwenye majani, kiwavi anakula jani, mama analisha kinda kiwavi. Ikishaingia damuni, kinda anadhoofu."

Sote tuliinua macho. Bomba la moshi likatutemea wingu bila haya, kama mtu anayevuta sigara wodini.

"Kumbe mhalifu mrefu hivi," mjomba akasema, "na mimi namlinda."

"Nilichomaanisha..." meneja akaanza.

"Nimekuelewa, bosi. Amri ni amri." Akakaza mkanda, akavuka uwanja, akateremsha swichi ya tanuri, akaitia kufuli la geti.

Moshi ukakatika. Meneja akanyoosha mkono. "Ufunguo."

"Bomba likishafungwa chujio. Mpaka hapo nitaulinda, si ndiyo kazi uliyonipa?"

Meneja akamgeukia daktari kutafuta msaada. Daktari alikuwa akimwangalia shingo.

"Na wewe, bosi, ukapimwe," akasema. "Naona imeanza kulegea."

Meneja akajishika shingo. Ufunguo hakuuomba tena.