Hapana Moja

Mjomba Nasuri alimfunga Echati mtandio pale pale mlangoni, kwa nguvu, mpaka sikio likapinda. Hakumwomba. Kwao mjomba haombi. Alimwambia mjumbe wa serikali mpya ya kwao ametoka Paris kwa ajili ya kura hii ya katiba, asije akamwona mpwa wake kichwa wazi. Echati akashuka naye ngazi hadi kwenye chumba cha mikutano, chini ya jengo la ghorofa huko Spånga, kwa Waswidi, miguuni bado ana viatu vya kazini hospitalini.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka sabini na nane. Visiwani kwao yule mtawala wa mabavu alikuwa ameshauawa. Enzi zake alikusanya vijana akawapa marungu, wakawavua wanawake buibui barabarani na kuwachapa masharifu. Sasa wamekuja wengine, wanasema wanatawala kwa jina la Mungu, na marungu ni yale yale, yamebadili mikono tu. Mmoja wa vijana wale alikuwa Mmadi, mdogo wake Echati, aliyetolewa darasani akapewa rungu kabla hajaota ndevu. Tangu Mei yumo gerezani. Mjumbe alikuwa amemletea mjomba neno: ndugu wa ng'ambo wakisema ndiyo, wote, bila doa, kijana atatoka. Wakileta ukaidi, wamsahau.

Kwa hiyo Echati hakuwa na la kufikiri. Alikuja kusema ndiyo.

Mjumbe, bonge la mtu aliyevaa joho juu ya suti, alikaa nyuma ya sanduku la mbao lenye kufuli. Kila mtu alipewa kadi mbili, nyeupe ya ndiyo na nyekundu ya hapana. Moja unaitumbukiza sandukuni, ya pili unaitupa kwenye karai lililowekwa mbele ya macho yake. Pazia hapakuwa. Alisema asiyemficha Mungu kitu, pazia la nini.

Echati akatumbukiza nyeupe. Nyekundu akaitia mkobani.

Wallahi hakukusudia. Miaka miwili nyuma Waswidi waliwaruhusu wageni kupiga kura za manispaa, na Domina, Mtanzania aliyefanya naye kazi wodini Flemingsberg, alimpeleka kituoni Farsta akamfundisha: chukua karatasi za vyama vyote, tumia moja nyuma ya pazia, zilizobaki tia mkobani, asijue mtu. Echati alilipenda sana jambo lile. Ndiyo ilikuwa kura ya kwanza maishani mwake, na mkono ulishika mazoea.

Sanduku mjumbe hakulifungua. Matokeo alikwisha kuyasoma kabla foleni haijaisha: wote ndiyo, na hao wote walikuwa wengi kuliko watu waliomo chumbani. Alichohesabu ni karai. Nyekundu moja ilikosekana.

Mlango ukafungwa kwa ufunguo. Echati mwenyewe, masikini, akainua mkono, akaitoa kadi akidhani yamekwisha. Alieleza kwamba amesahau tu, na nyeupe yake imo sandukuni.

Mjumbe akamwuliza mjomba kama huyu si dada wa yule wa marungu. Mjomba akainama. Halafu akampiga Echati.

Kofi la kwanza lilimwangusha kwenye viti. La pili halikuwa kofi. Alimpiga ngumi, alimpiga mateke ya mbavu, mbele ya watu ambao Echati huwapikia futari kila Ramadhani, na wanaume wazima wakatazama vikombe vyao vya kahawa. Mungu awalipe. Damu ilimtoka puani na mdomoni, jino likalegea.

"Fungueni sanduku," Echati alisema.

"Sanduku ni amana ya Mungu," mjumbe akajibu.

"Baba yangu alisomesha Kurani chuoni miaka yake yote. Usinifundishe amana, bwana mjumbe. Fungueni mhesabu."

Mjomba akamkamata kwa ule mtandio, akamburura kuelekea mlangoni. Echati alikuwa akikabwa; akashika mguu wa meza asiuachie. Meza ikapinduka. Sanduku likapiga sakafu ya saruji, bawaba zikang'oka, kadi zikamwagika hadi chini ya viti.

Zote nyeupe. Hata moja nyekundu haikuwemo, na kila mtu aliona.

Hakuna aliyesema pole. Mjomba alisimama anahema, anautazama mkono wake. Mjumbe akamwambia Echati aokote.

Akaokota, kwa magoti, na damu ikizidondokea. Alijaribu kuzifuta kwa mtandio, ikazidi kuenea. Lakini uso wake ulikuwa na furaha, naona aibu kuisema furaha ile. Alimnyooshea mjumbe kadi kwa mikono miwili, akamwambia ameona mwenyewe, ndiyo tupu, sasa Mmadi atoke.

Mjumbe akachagua iliyolowa damu kuliko zote, imegeuka nyekundu. Akaishika kwa ncha za vidole, akaipepea ikauke. Alisema Wazungu hawaamini nchi nzima ikisema ndiyo. Hapana moja inapendeza, inaonyesha watu wana uhuru. Akaitenga peke yake juu ya meza, akafungua kalamu.

"Mdogo wako anaitwa Mmadi nani?"

Echati akafumba mdomo.

Mjomba ndiye aliyelitaja jina, lote, mpaka la babu.