Mpagani ni Nani

Mwaka 1995, mtaani Nyakabiga, Médiatrice alikuwa akienda kila Jumamosi kwenye kikundi cha maombi nyumbani kwa Zénon. Waliomba amani. Milio ya risasi ilipozidi huko milimani, Zénon alianza kumwomba Mungu awaondoe wapagani mtaani.

Médiatrice aliitikia amina pamoja na wengine. Alidhani ni walevi, na wale wanaokwenda kwa waganga. Kisha siku moja Zénon akawataja kwa majina, na la kwanza likawa la Jovithe.

Médiatrice akashtuka. "Jovithe? Si ni katekista? Ni yeye alinifundisha mpaka nikabatizwa!"

Mwanamke aliyeketi kando yake akavuta kitenge, akasogea mbali. Ndipo Médiatrice alipotambua kwamba wote waliotajwa walikuwa wa kabila moja.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa Jovithe, akamweleza. Jovithe akacheka.

"Mupagani ni mutu hajabatizwa. Si mi nilikufundisha ile neno?"

"Kwa Zénon iko na maana ingine, katekista. Mutoke leo, twende Buyenzi kwa rafiki yangu."

"Kesho niko na watoto wa komunyo. Nitawafuata kisha misa."

Mkewe, Orlane, hakucheka. Alimfunga mtoto mgongoni, akaacha maharage jikoni hayajaiva, na Médiatrice akawapeleka hadi Buyenzi, mtaa wa Waislamu, kwa rafiki yake Lamya, muuza vitambaa.

Lamya aliwakaribisha. Lakini mama mkwe wake, bikizee asiyeona vizuri, akauliza kutoka chumbani: "Lamya, hao makafiri wako wangapi?"

Orlane akaganda kizingitini.

"Usiogope, dada," Lamya akamwambia. "Ndivyo anavyowaita Wakristo. Anataka kujua tupike wali kiasi gani."

Orlane alikula amesimama, mtoto mgongoni, macho yakiwa njiani.

Jumapili misa ikaisha, jua likapanda, likaanza kushuka. Jovithe hakuja. Médiatrice akarudi Nyakabiga kumtafuta. Mlango wa nyumba yake ulikuwa umeng'olewa, na ndani vijana wawili walikuwa wakigombea kitanda. Zénon alisimama uani, Biblia kwapani. Alimsalimu kwa upole, akamuuliza Orlane amekwenda wapi.

"Sijui," Médiatrice akasema.

"Basi kuja tuombe apatikane," Zénon akajibu, akamshika mkono, wala hakuuachia.