Kiti cha Nyuma cha Dattajirao

Dattajirao Ghorpade alipostaafu kazi ya kiwanda cha sukari, alifuga masharubu na kujiunga na kundi la wazee wa Kolhapur, India, waliokuwa wakipanga kwenda Ladakh, kaskazini kabisa, kwa pikipiki kubwa. Indumati, mkewe, alikuwa akiidai Ladakh tangu fungate yao, waliyoimalizia mji jirani wa Sangli, chumba kimoja na shangazi wa bwana harusi. Kwa hiyo aliposikia habari za safari, alianza kufuma soksi.

"Za nani hizo?" mumewe akauliza.

"Zangu. Ladakh kuna baridi."

"Mama Ketaki, kule ni milimani! Wewe ukipanda, injini itaomba talaka."

Mzaha huo aliurudia mbele ya wenzake, wakacheka mpaka chai ikawapalia. Indumati alikuwa amezoea kutaniwa unene, na kwa kawaida alijibu kwa mwiko. Safari hii aliendelea kufuma. Alitaka kwenda, na iliuma.

Jumamosi mume akaenda dukani kuchagua pikipiki. Mke akaenda pia, bila kualikwa. Ya kwanza ilikuwa fupi na pana, kiti chake cha nyuma kina egemeo kama sofa. Indumati alikikalia, nusura aagize chai. Ya pili ilikuwa ndefu kwenda juu, yenye kiti cha nyuma kisichozidi chapati.

"Hii!" Dattajirao akasema papo hapo. "Hii ndiyo ya wanaume."

Indumati hakuhitaji kufafanuliwa. Kiti kile hakinunuliwi ila na mtu mwenye wa kumwacha nyumbani.

Tatizo ni kwamba Mungu alimpa Dattajirao sauti ya watu wawili na miguu ya nusu mtu. Alipopanda, vidole tu ndivyo vilivyogusa sakafu. Tushar, muuzaji, akaondoa stendi, pikipiki ikalala kushoto na mzee juu yake, wakadakwa kwa taabu. Mara ya pili ikalala kulia, juu ya mlinzi wa mlangoni.

"Sakafu yenu imeinama," Dattajirao akatangaza, jasho likimtoka.

"Bwana mkubwa, akipanda mtu nyuma springi zitabonyea," Tushar akasema kwa adabu. "Utafika chini."

Wote wakamgeukia Indumati. Akachomeka sari vizuri, akamshika Tushar bega, akapanda. Pikipiki ikashusha pumzi, ikadidimia. Kandambili za Dattajirao zikatua sakafuni, zote mbili.

"Haya, ulikuwa unasemaje kuhusu injini?" Indumati akauliza.

"Shika vizuri," akajibiwa.

Wakalizunguka ziwa la Rankala kwa majaribio. Kona ya kwanza Indumati alimkumbatia kitambi mumewe na kuapa kwa miungu yote anayoijua. Ya tatu alikuwa akicheka. Nyati walipokatiza barabara, Dattajirao akafunga breki, akasimama imara, akawapungia mkono kama mbunge. Walipofika mbele ya duka hakusimama. Wakazunguka ziwa mara nyingine. Indumati alifurahi, na kufurahi kwenyewe kulimuudhi, kwani hasira yake alikuwa bado hajaimaliza.

Waliporudi, Tushar alikuwa ameisogeza nje ile fupi.

"Bwana mkubwa, nimefikiria. Hii utaimudu hata ukiwa peke yako. Miguu inafika bila msaada."

Moyo wa Indumati ukashuka. Kijana wa watu hakuwa na ubaya, lakini ndiyo hiyo, njia ya kumwacha nyumbani imefunguliwa. Dattajirao aliitazama ile fupi muda mrefu, akaitazama miguu yake, kisha mikono ya mkewe iliyokuwa bado kiunoni pake.

"Nani kakuambia naenda peke yangu?"

"Samahani, nilidhani..."

"Na wewe nani kakuambia nimekubali?" Indumati akakiuliza kisogo cha mumewe. "Si mimi ndiye nitakayefanya injini iombe talaka?"

Mlinzi akapiga kicheko, akakigeuza kikohozi. Dattajirao akageuza shingo kadiri helmeti ilivyomruhusu. Masharubu yalikuwa yamelala.

"Nisamehe. Twende wote, Indu. Nakuomba."

Jina hilo hakuwahi kulitamka mbele ya watu tangu walipooana. Indumati alihisi machozi yakija, akayafukuza. Hakuwa na haraka. Alijiweka sawa juu ya ile chapati.

"Nizungushe tena ziwani," akasema. "Tukirudi nitakujibu."