Mkwe Nyuma ya Pazia

Bibi Secilia alikuwa amechoka kunyamaza. Tangu vuli ianze alimwona mwanawe Timotheo, mtu mzima anayeikaribia hamsini, akipanda matuta ya kabichi miguu panda kama aliyebana yai mapajani. Akifika juu husimama, akajifanya anatazama mawingu ya upande wa Vuga, kumbe mkono uko mfukoni umeshika kinena.

"Timo, unaumwa nini?"

"Kichwa, mama."

"Kichwa chako kimeshuka lini mpaka huko?"

Timotheo akaondoka zake. Zahanati alishakwenda, na kila alipokwenda alirudi na panadol, kwa sababu muuguzi wa pale sasa ni Beatha, mke wa Heri, mwanawe wa kwanza. Katika ukoo wao baba na mkwewe hawakai hata benchi moja. Atamwambiaje habari za ndani ya suruali?

"Basi nenda Lushoto mjini," mama yake alimsihi.

"Nikaambiwe nina busha? Nimelipata Magoma huko kwenye mbu, nilipokuwa napeleka kabichi. Watanicheka mpaka kanisani."

"Nani kakupima?"

"Najijua mwenyewe!"

Secilia alimeza hasira yake pamoja na chai. Mtoto akililia wembe unamnyang'anya, lakini huyu ana mvi!

Siku ya soko Timotheo aliinua tenga la kabichi, akapiga ukelele, akakaa chini akitapika. Jirani yake Shabani aliacha mzigo wake barabarani, na gari la kwenda sokoni likamwacha. Yeye na wenzake wakafunga machela ya miti na blanketi, wakamshusha taratibu kwenye utelezi, Secilia akifuata nyuma, bila hata mmoja kuuliza anaumwa wapi.

Zahanati, Beatha alipowaona aliwahamishia wagonjwa wengine nje barazani wasisikie. Akavuta pazia, Timotheo na mama yake wakawa ndani, yeye akabaki ng'ambo.

"Bibi, mwulize baba, maumivu yako wapi?"

"Anauliza yako wapi."

"Mwambie kichwani," Timotheo akasema huku jasho likimtiririka.

"Timotheo!" Secilia alipiga kitanda kwa kofi. "Utakufa na hicho kichwa! Sema!"

Timotheo akafumba macho. Kisha, kwa sauti ya mtoto: "Kwenye kinena. Kuna uvimbe."

"Mwulize, mkojo unamchoma? Ana homa?"

"Hapana."

"Uvimbe ulikuwa unarudi akilala?"

"Mwambie ulikuwa unarudi. Leo umegoma."

"Bibi, naomba uangalie. Umekuwa mwekundu?"

Timotheo aling'ang'ania blanketi. Mama yake akalivuta. "Niachie. Nilikuosha huko kabla hujalijua jina lako." Akatazama, na hasira yake yote ikageuka baridi. "Mwekundu, Beatha. Na mgumu kama kiazi."

"Basi si busha, ni ngiri, na utumbo umenaswa. Mizigo na mlima huu ndivyo vinavyoileta. Busha haliji hivi ghafla na kutapika." Tayari alikuwa kwenye simu, akiita gari la wagonjwa.

Timotheo alipasuliwa mjini alasiri hiyohiyo. Daktari alisema utumbo umekutwa mzima, ila angechelewa zaidi wangeukata, na pengine wasingemkuta hai.

Kesho yake Beatha alifika na chupa ya uji uliotiwa maziwa. Hakuingia. Alisimama nje ya dirisha la wodi, akampitishia Secilia chupa, uso kaugeuzia mikaratusi.

"Bibi, mwulize baba ameamkaje."

"Mwambie," Timotheo akasema, "kichwa kimepona."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Secilia hakucheka. Aliweka kikombe chini kwa kishindo.

"Mwambie mwenyewe! Mimi si simu yenu. Mwezi mzima nimekutazama ukifa kwa heshima."

Timotheo akatazama dari. Akatazama uji. Mwishowe akaligeukia dirisha, macho akiwa ameyashusha.

"Beatha, mwanangu."

"Abee, baba."

"Ahsante. Bado panauma kidogo, hapa kwenye mshono."

"Ndivyo panavyokuwa, baba," Beatha akajibu, bado akiitazama mikaratusi. "Kunywa uji. Na tenga usiliguse mpaka nikwambie."

"Nimesikia."

Secilia akakichukua kikombe, akaanza kumimina.